Theluji Kabla ya Matanga Kuisha

Sapporo, Jumanne, 4 Februari 2014

Wifi yangu Diane,

Tumefika. Nakuandikia kwenye kompyuta ya hoteli. Iko karibu na mlango, na kila mtu akiingia miguu yangu inaganda. Herufi zake zilikuwa za kwao, mpaka dada wa mapokezi alipobonyeza kitu fulani ndipo zetu zikatokea. Ukiona kosa, laumu mashine.

Bwana Onodera alitupokea uwanja wa ndege. Fikiria, miaka yote hii yeye ananunua magari huku na kuyapakia melini, Ladislas anayapokea bandarini Durban na kuyapeleka mpaka Bujumbura, na hawajawahi kuonana uso kwa uso. Nilidhani watapeana mikono. Onodera akainama. Ladislas akainama. Onodera akainama tena, na kaka yako kwa kuogopa kuonekana hana adabu akainama chini zaidi, mpaka nikamvuta kwa mkanda. "Bon, inatosha," nikamwambia, "utaanguka utuaibishe."

Unajua anavyoulaani mji huu. Magari ya Sapporo yanafika juu yanang'aa, chini yameliwa na kutu, kwa sababu huku wanamwaga chumvi barabarani theluji isigande. Kila akiinuka kutoka chini ya gari alikuwa anasema, "Siku moja nitaenda kuuona mji unaoniozea magari." Ndiyo sababu tulipokata tiketi mwaka jana, kwa miaka ishirini na tano ya ndoa yetu, alikataa Tokyo. Bertrand alicheka siku nzima. Alisema wenzake wana wazazi wanaokwenda kuona minara, yeye baba yake anakwenda kuona chumvi.

Halafu ikaja ile homa ya mwezi wa sita, siku tatu tu, na mtoto wangu hakurudi nyumbani.

Wewe ulikuwepo jikoni kwangu usiku wa kuamkia safari, uliyasikia mwenyewe aliyosema kaka yenu mkubwa Vénérand. Kwamba mama aliyefiwa hatoki kwenda kutembea. Kwamba nikae na nguo zangu nyeusi mpaka mwaka utimie mwezi wa sita, yeye mkubwa wa familia asimame mbele ya watu aondoe matanga, ndipo nivae nyeupe, ndipo niende ninakotaka. Nilimjibu kwamba tiketi hazirudishwi. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilichoka kukaa kwenye ile sofa huku watu wananihesabia vijiko ninavyokula.

Koti langu jeusi la Durban huku ni kama leso. Bi Onodera, mke wa mwenyeji wetu, aliponiona natetemeka mezani kwao jana jioni aliinuka, akaenda kwenye msumari, akanivika koti lake mwenyewe, nene, jeupe, lina manyoya shingoni. Mikono yake inaniishia hapa juu ya vifundo. Nilitaka kukataa, lakini meno yangu yalikuwa yanagongana, sikuweza hata kusema hapana.

Ladislas amekutumia picha aliyotupiga Bwana Onodera leo asubuhi. Tunacheka, sijui kama utaona vizuri. Nitakueleza siku nyingine kilichotuchekesha.

Mwagilia yale maua yangu ya nyumbani Umbilo, na umsalimie Jules.

Wifi yako,
Gloriose


Durban, Alhamisi, 6 Februari 2014

Wifi yangu Gloriose,

Wewe unaganda, sisi tunayeyuka. Feni ya dukani imekufa jana, na leo wateja wanakuja kutengeneza simu zilizoingia jasho. Simu, wifi! Hata simu zinatoka jasho Durban hii.

Sasa kaa chini. Umekaa?

Ile picha niliipenda mno, nikamwonyesha Jules. Na wewe unamjua mume wangu. Amenunua ile mashine mpya ya kusafishia picha, anatafuta kitu cha kuijaribia. Nilitoka kwenda benki. Niliporudi, wewe na Ladislas mko dirishani, wakubwa kama kalenda ya kanisa, mnaangalia Umbilo Road nzima, na chini ameandika kwa kalamu nyekundu: TUNASAFISHA PICHA ZA RANGI.

Nikamwambia, "Jules, toa." Akasema, "Acha kidogo, watu wawili wameshaingia kuuliza bei."

Wa tatu kuingia alikuwa kaka Vénérand. Alikuja kununua chaja. Akasimama mlangoni, mgongo wake kwetu, anaangalia picha kwa nyuma, unajua karatasi inapitisha mwanga. Halafu akatoka nje akaiangalia kwa mbele. Halafu akaingia.

"Gloriose amevaa nini?"

Nilitaka kujibu mimi. Jules akaniwahi. "Nyeupe, kaka! Imependeza na theluji, au siyo?"

Eish. Nilimkanyaga mguu lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Amevaa nyeupe," kaka akasema. "Nani amemwondolea matanga?"

"Kaka, ni koti tu," nikasema.

"Nimeuliza nani."

"Iko baridi kule, kaka," Jules akasema. "Vraiment, watu wanakufa na baridi."

Nilidhani atapiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, chaja mkononi, akasema polepole kama anayejisemea: "Baba tulimwacha kando ya njia, tunakimbia vita. Hatukumkalia hata siku moja. Mama vilevile. Nilisema huyu mtoto mmoja, huyu tuliyemzika kwenye kaburi lenye namba, nitamfanyia yote, mwanzo mpaka mwisho, mwaka mzima, bila kuruka kitu. Na mama yake amejivika nyeupe mwenyewe kwenda kucheza na barafu."

Jules akaishusha picha bila kuambiwa.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye shida. Ameita familia na wazee wa kanisa Jumapili nyumbani kwake Queensburgh. Anasema kama hujaandika barua ya kuomba msamaha, ikasomwa pale mbele ya watu, yeye mwezi wa sita hatasimama. Na unajua asiposimama yeye hakuna atakayesimama, na hakuna atakayekuja. Bertrand atabaki hivyo, na wewe na Ladislas mtakuwa kama watu waliojitoa wenyewe.

Lakini wifi, jambo hili ni dogo! Koti si lako. Andika mstari mmoja tu: "Koti nililovaa ni la kuazima, nilisikia baridi, sikukusudia kuondoa matanga." Basi. Imekwisha. Nitausoma mimi mwenyewe, na nitaweka na kulia kidogo mwishoni.

Andika leo.

Wako,
Diane

Maua yako nayamwagilia. Moja linanikasirikia, lakini liko hai.


Sapporo, Ijumaa, 7 Februari 2014

Diane wangu,

Barua yako niliisoma asubuhi kabla ya chai. Nikarudi chumbani. Ladislas alikuwa ananyoa ndevu, nikamsomea yote, mpaka pale kaka alipokaa kwenye kiti. Aliendelea kunyoa mahali alipokwisha kunyoa.

Ngoja kwanza nikueleze kilichotuchekesha.

Siku ile asubuhi tulitoka kwenda kuona bustani yao ndefu iliyo katikati ya mji, wanakojenga sanamu za theluji. Si sanamu za kuweka mezani, Diane. Ni majumba, yana ngazi na madirisha, watu wamepanda juu na majembe wanachonga. Mimi nilikuwa naangalia juu. Nilipogeuka, mume wangu hayupo. Nikaona viatu vyake. Alikuwa ameona gari limeegeshwa, la aina ile anayoipokea kila mwezi, na hakuweza kujizuia: alipiga magoti aangalie chini yake. Barafu ikamvuta. Akaingia chini ya gari la watu mpaka kiunoni, anateleza, miguu inapiga kama ya mtoto. Bwana Onodera akashika mguu mmoja, mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake akashika wa pili, wakamvuta. Akatoka na theluji mpaka kwenye nyusi, akapiga kelele kwa Kiswahili mbele ya mji mzima: "Imeoza! Nilisema mimi! Imeoza!"

Unakumbuka Bertrand alivyokuwa anamwigiza? Alikuwa anatambaa kutoka chini ya meza ya chakula, amekunja uso, anafuta mikono kwenye suruali, anasema "Imeoza!" kwa sauti ya baba yake, na Ladislas anajifanya amekasirika. Sasa alikuwa ni baba mwenyewe anamwigiza mtoto bila kujua. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye theluji. Ladislas aliniangalia, akaelewa ninachokiona, akasema, "Bertrand angekuwepo angepiga picha."

Wifi, hilo jina halikuwa limetajwa kati yetu sisi wawili tangu makaburini. Miezi minane. Wageni walilitaja, wachungaji walilitaja kwenye maombi. Sisi tulilala kitanda kimoja tukiliogopa. Na baada ya hapo tuliongea juu yake siku nzima. Jinsi alivyokuwa akifika kwanza kwenye kila gari jipya afungue sanduku la mbele aone wenye nalo wamesahau nini: pipi, mwavuli mdogo, kaseti ya mtu anayeimba kama analia. Jinsi alivyokuwa hali maganda ya mkate. Ladislas alinieleza jambo ambalo sikulijua, kwamba mtoto alikuwa amemwomba amfundishe kuendesha, na wakajifunza Jumapili mbili nyuma ya bohari wakaniambia wamekwenda kumwona mgonjwa.

Hicho ndicho unachokiona kwenye picha. Na ndicho kaka Vénérand anachotaka nikiombee msamaha.

Sasa juu ya ule mstari mmoja. Ni kweli, koti ni la kuazima. Siku ile sikufikiria rangi hata kidogo. Ningeandika hivyo jana, nisingekuwa nimesema uongo. Lakini leo asubuhi, baada ya kusoma barua yako, nilishuka chini, na Bi Onodera alikuwa ameniletea koti jingine, la bluu iliyoiva, karibu nyeusi, kwa kuwa ameona lile la kwanza linanibana mikono. La bluu linanitosha kabisa. Yote mawili yalikuwa yametundikwa pamoja. Nilisimama pale muda mrefu kidogo. Nikachukua jeupe.

Kwa hiyo siwezi tena kuandika kwamba sikukusudia. Leo nimekusudia.

Mwambie shemeji Vénérand kwamba namheshimu, na kwamba mama wa Bertrand ameondoa matanga Sapporo. Usiongeze kitu wala usilie mwishoni.

Gloriose


Durban, Jumapili, 9 Februari 2014

Wifi wa dhahabu!

Kwanza asante. Nilikuwa sijalala siku mbili kwa ajili ya ile barua yako ya Ijumaa. Nilikuwa nimeichapisha nikaikunja mara nne nikaiweka kwenye sidiria, nikimwomba Mungu anipe sababu ya kutoitoa. Na akanipa! Nimefika Queensburgh, nakuta kaka Vénérand ameshika karatasi aliyochapishiwa kanisani, uso umetulia. "Mdogo wangu ameandika," akasema, "yeye na mkewe." Nikasema kimya kimya, asante Yesu, Gloriose amebadilisha mawazo.

Aliisoma mwenyewe mbele ya watu wote. Ladislas ameandika vizuri, sikujua kama anaweza. Kwamba koti lilikuwa la mwenyeji, kwamba baridi ilikuwa kali, kwamba nyinyi wote wawili mnajuta, hamkukusudia kumvunjia heshima, na kwamba wewe mwenyewe unaomba kurudi kwenye nguo nyeusi. Mama mmoja nyuma yangu akasema "maskini," na mchungaji Zénon akasema amina kabla barua haijafika mahali pa amina.

Basi wakakaa wazee wakaamua. Kwa kuwa matanga yamekatika katikati, yaanze upya. Mkirudi utanyoa nywele tena, utakaa, na kaka atasimama mwaka ujao, mwezi wa pili. Ni mrefu, najua. Lakini atasimama, wifi. Alisema kwa mdomo wake, "Nitasimama." Na baada ya hapo alikula, sijamwona akila vile tangu mazishini.

Jules anasema mkirudi mmletee theluji kwenye chupa. Nimemwambia itakuwa maji. Anasema yatakuwa maji ya Japani.

Nawabusu wote wawili,
Diane


Sapporo, Jumatatu, 10 Februari 2014

Diane,

Mimi sikuandika barua hiyo. Sikuijua mpaka nilipoisoma kwako.

Sikukasirikii wewe. Ulipokea ulichopewa.

Nilimkuta Ladislas kwenye kiti cha huko chini hotelini, karibu na mashine ya vinywaji. Nikamuuliza, "Uliandika lini?" Akasema Ijumaa, nilipokuwa naoga. Nikamuuliza, "Na mimi ninajuta?" Akasema, "Gloriose, ni kaka. Alinibeba mgongoni kuvuka mto. Alinitumia nauli ya kuja Durban. Sijawahi kumwambia hapana maisha yangu yote, mdomo wangu haujui njia." Nikamwambia, "Sawa. Basi umwambie yeye ndiyo, na uende ukakae kwenye ile sofa mwaka mwingine, peke yako, na jina la mtoto tusilitaje tena."

Nilivaa koti nikatoka. Nilitembea mpaka kwenye bustani. Sanamu zimekwisha sasa, wamewasha taa, watu ni wengi, wanakwenda wawili wawili wameshikana wasianguke. Mimi nilianguka mara mbili nikainuka mwenyewe. Wameniambia kesho ni siku ya mwisho, halafu yote yatavunjwa kwa mashine. Nilimkuta Bi Onodera huko, nikamuuliza kwa mikono kama haiwaumi kuvunja kazi kubwa vile. Akacheka, akanionyesha kwa mikono yake: tunajenga tena.

Sikuambii haya kwa kuwa nina busara. Nilikuwa na hasira, Diane, na bado ninayo. Nilirudi hotelini nikamwambia Ladislas maneno haya, nakuandikia kama nilivyoyasema: sitanyoa. Sitaanza upya. Nimemlilia mtoto wangu miezi minane na nitamlilia nikitaka, siku nitakayotaka, na nikitaka kucheka nitacheka katikati ya kilio. Kaka yako akihitaji mtu wa kukaa matanga, akae.

Sasa hivi ninavyoandika amekaa nyuma yangu na miwani yake, anangojea nimalize ili atumie mashine. Sijui anataka kuandika nini, na sitamuuliza.

Gloriose


Sapporo, Jumanne, 11 Februari 2014

Kaka Vénérand,

Diane atakuchapishia barua hii. Isome peke yako kwanza. Ukitaka kuwasomea wengine, wasomee yote.

Barua ya Ijumaa niliiandika mimi peke yangu. Gloriose hakuijua. Niliweka majuto yake bila kumuuliza. Hilo ndilo kosa, na nimeshamwomba yeye msamaha, kwa kuwa ni yeye niliyemkosea.

Koti lilikuwa la kuazima. Lakini mke wangu ameniambia analivaa kwa kukusudia, na mimi nasimama upande wake.

Kaka, nimefikiri sana jinsi ya kusema jambo hili. Naomba ulisikilize, mimi ni yule yule mdogo wako. Ulisema dukani kwamba baba hakukaliwa matanga. Ni kweli. Nilikuwepo, ingawa nilikuwa mdogo na nilikuwa mgongoni kwako. Na mama pia, na mtoto wa shangazi, na wengine ambao majina yao unayasema usingizini, nimekusikia. Kila tulilolikosa kwa ajili yao ulitaka kulifanya kwa Bertrand. Kwa hiyo hayakuwa matanga ya kijana mmoja wa miaka kumi na tisa. Yalikuwa ya watu wote, na uliyaweka yote juu ya mke wangu, avae yeye, akae yeye. Ni mazito mno. Mtu mmoja hawezi.

Unataka tumkalie baba? Tumkalie, mimi na wewe. Nitakuja Queensburgh nitakaa na wewe sakafuni hata mwaka mzima. Lakini matanga ya Bertrand nayaondoa mimi. Mimi ni baba yake.

Itakuwa Jumamosi tarehe nane Machi, saa nane mchana, nyumbani kwangu Umbilo. Nitasimama na kusema. Sijawahi kusema mbele ya watu, unajua, na nitatetemeka. Sikuombi ruhusa. Nakualika, kama baba mkubwa wa mtoto. Kiti chako kitakuwepo mbele.

Mdogo wako,
Ladislas


Queensburgh, 20 Februari 2014

Ladislas,

Barua yako nimeisoma. Naandika kwa mkono, Jules ataileta mlangoni kwako kwa kuwa nasikia mmeshafika.

Tangu lini unaniandikia hivi? Nilipokubeba ulikuwa na homa na ulinitapikia shingoni, sikukushusha. Sikusema ni mazito.

Hukuwahi kuniambia kwamba nasema usingizini.

Wazee nimewaambia tarehe nane hakuna kitu, na wengi wamenisikia. Hilo nakuambia ili usipike chakula kingi. Mkubwa wa familia ni mmoja na hakuna siku aliyomwachia mtu mwingine nafasi yake. Sitakuja kukaa kwenye kiti ulichoniwekea kama mgeni.

Gloriose mwambie sina chuki naye. Lakini amenifanya nionekane mtu asiye na kazi.

Vénérand


Umbilo, Jumapili, 9 Machi 2014

Shemeji Vénérand,

Nakusalimu kwa heshima.

Ulisema tusipike kingi. Nilipika kingi. Nilipika wali na ndizi na maharage na nyama mpaka sufuria za Diane nazo zikajaa, kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika napika. Tuliazima viti hamsini kanisani. Walikuja watu kumi na mmoja. Sikuondoa viti vilivyobaki. Nilitaka vionekane.

Mchungaji Zénon alifika wakati watu wanakula, akasema amepotea njia, yeye anayekaa mitaa miwili kutoka hapa, akala sahani tatu. Jules alitaka kupiga picha, Diane akamnyang'anya simu. Walikuja vijana wanne waliosoma na Bertrand, na msichana mmoja ambaye hatukumjua, alikaa mwisho, alilia sana, hakutuambia jina. Sikumuuliza. Nilimpa chakula cha kwenda nacho.

Nilivaa gauni jeupe, nililishona mwenyewe wiki iliyopita. Nywele zangu zimeota kidogo, sikuzifunika.

Ladislas alisimama karibu na geti, kwa kuwa uani jua lilikuwa kali. Karatasi yake aliikunja akaitia mfukoni bila kuisoma. Akasema mtoto wake alikuwa hali maganda ya mkate, na kwamba alikuwa anajua kuendesha gari lakini si kurudi nyuma. Watu walicheka, wakanyamaza, hawakujua kama inaruhusiwa. Akawaambia, "Chekeni. Nimesimama hapa kwa ajili hiyo." Halafu akasema, "Bertrand mwanangu, tumekulilia. Tutaendelea, lakini si kwa ruhusa ya mtu. Mama yako ni huru. Mimi niko huru. Na wewe nenda vizuri." Alikuwa analia wakati huo, na sauti haikukatika.

Shemeji, nilikuona. Gari lako lilikuwa upande wa pili wa barabara, chini ya ule ukuta wa shule, tangu kabla ya saa nane. Diane alitaka kukufuata nikamshika mkono. Sikutaka uletwe. Ladislas alipoanza kusema ulishusha kioo. Ulikiacha wazi mpaka mwisho, kwenye joto lile, na watu walipoanza kuondoka ndipo ukawasha gari. Ladislas hakukuona, alikuwa anaangalia chini. Sijamwambia. Nafikiri ni juu yako kumwambia.

Nasikia umewaambia wazee kwamba hukutoka nyumbani jana. Sitawabishia.

Sitakuletea chakula Queensburgh. Nimeulizwa na watu wawili kama nitakuja kupiga magoti sasa kwa kuwa mambo yamekwisha. Hapana. Sikukosa nilipovaa lile koti, na sikukosa jana. Na wewe sikutaki upige magoti. Ulimpenda mtoto wangu, ulimnunulia viatu vya shule vya kwanza, vilikuwa vikubwa akavivaa hivyohivyo na soksi mbili. Hakuna atakayekunyima hilo.

Lakini ukitaka kumlilia, mlilie mwenyewe, kwa macho yako. Mimi sitakaa matanga kwa niaba yako tena.

Nyama imebaki nyingi. Ladislas yuko nyumbani leo mchana kutwa, anaosha viti vya watu. Geti letu halina kufuli, ni zito tu kwa kutu. Lisukume kwa bega.

Gloriose, mama Bertrand